Ovadrafti, Ng'ombe Anayezaa Kila Siku

Vijana wangu, nyinyi mnaoanza kazi za benki na nyinyi mnaokopa humo, nawaandikia pamoja kwa sababu kosa ninalotaka kuwasimulia lilitokea katikati yenu, pale mezani, ambapo mfanyakazi anaeleza na mteja anaitikia kwa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa naeleza. Nilieleza vizuri sana. Watu walicheka, wakaelewa, wakasaini. Tatizo ni kwamba walichokielewa hakikuwa kweli.

Naitwa Minza. Nimefanya kazi katika tawi moja la benki hapa Bariadi tangu Simiyu haijawa mkoa, enzi tukihesabiwa watu wa Shinyanga. Sikuingia kwa cheti. Niliingia na ufagio.

Baba alifariki, na mwaka haukuisha mama akamfuata. Nilikuwa darasa la sita. Nyuma yangu walikuwepo mapacha, Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baada ya matanga ndugu wa baba walikaa wakatugawa: Kulwa aende Zagayu, Doto aende Sola, Shija achukuliwe na shangazi, na mimi niolewe. Hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja alikuwa anajua uwezo wa ghala lake. Lakini nilisema hatugawanyiki. Baba mdogo akaniuliza, "Utawalisha nini, maneno yako?" Nikamjibu kwamba nitatafuta. Sikujua nitatafuta wapi, ila sikurudi nyuma, na shule ndiyo iliyolipa gharama ya jibu lile.

Nilianza kwa kupalilia pamba za watu, kisha nikapata kazi ya kufagia benki na kuchemsha chai. Hapo ndipo nilipokutana na Bwana Semkiwa.

Huyu alikuwa msimamizi wa leja, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kiswahili chake kilikuwa laini kama uji wa mgonjwa, na chetu alikidhihaki mchana kutwa. Siku moja alinikuta nimeokota karatasi za mashine ya kujumlishia kwenye pipa la taka, najumlisha upya kwa penseli.

"We binti, unafanya nini na takataka zangu?"

"Naangalia kama mashine inasema kweli."

"Inasema?"

"Hii inasema. Hii hapa imekosea, ila nadhani aliyekosea ni aliyeibonyeza."

Aliitazama. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. Aliyeibonyeza alikuwa yeye. Tangu siku ile, kila baada ya saa za kazi alinifundisha kwa robo saa. Alinisukuma nikasome masomo ya watu wazima jioni mpaka nikapata cheti cha darasa la saba nikiwa mtu mzima. Alinifundisha kwamba hesabu mbili zikipishana, usianze kutafuta kama mwendawazimu. Kwanza gawa ile tofauti kwa tisa. Ikigawanyika bila kubakiza, huenda kuna mtu amegeuza tarakimu, ameandika hamsini na nne badala ya arobaini na tano. Siku hizi kompyuta inafanya yote, najua. Lakini kompyuta inakubali kila unachoiandikia, na tisa bado ni tisa. Jaribuni.

Nikatoka kwenye ufagio nikaenda chumba cha mafaili, nikatoka huko nikaenda kwenye leja. Kisha soko huria likaja, na ndilo lililonipandisha mezani.

Hamuwezi kujua ilivyokuwa zamani. Pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake, na mkulima alipewa risiti akasubiri. Ovadrafti ilikuwa ya wakubwa. Mkulima wa kijijini kama Nkoma hata hakuijua, na benki nayo haikumjua. Viwango vya riba vilibandikwa ukutani mpaka karatasi ikawa ya njano, havibadiliki. Pamba ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori na fedha taslimu. Mkulima aliyekuwa na kichwa chepesi akawa wakala wao kijijini. Watu wakafungua akaunti za hundi kwa majina yao wenyewe. Benki nayo ikaambiwa ijitegemee, itafute wateja, na kila huduma itozwe. Ubao wa matangazo ukajaa: tozo ya kuendesha akaunti, tozo ya kitabu cha hundi, tozo ya hundi iliyorudi, riba mpya mwezi huu, riba nyingine mwezi ujao. Yote kwa Kiingereza. Wateja waliupita ubao ule kama mtu anavyoupita msiba wa asiyemjua.

Ndipo meneja akasema anahitaji mtu wa kuwasomea wateja barua ya masharti kwa lugha wanayoielewa. Wenye elimu ya kidato walikuwa wengi, lakini wengi wao walitoka mbali. Bwana Semkiwa akasema, "Mchukueni Minza. Kisukuma anacho, hesabu anazo, na hana aibu." Nikapewa meza. Chini ya kila barua palikuwa na mstari wangu: *Nimemsomea mteja masharti yote na ameyaelewa.* Mteja anaweka sahihi au dole gumba, mimi natia saini chini yake.

Sasa niwaambie ovadrafti ni nini, maana nimeona hata wanaoitoa kwenye simu siku hizi hawajui. Benki inakuruhusu uchote zaidi ya fedha zako, mpaka kikomo fulani. Unalipa ada ya kuifungua siku ya kwanza, hata kama hujachota senti. Ukichota, riba inahesabiwa kila siku kwa kile ulichochota, siku hiyo, na mwisho wa mwezi inakatwa kwenye akaunti hiyohiyo. Tuseme riba ni thelathini kwa mia kwa mwaka, umechota laki moja: kila kunapokucha umeongeza deni lako kwa shilingi themanini na mbili na kitu. Ni ndogo, inapita chini ya mlango. Lakini ile riba ikikatwa, nayo inakuwa sehemu ya deni. Na kama ulichota mpaka ukingoni, riba yenyewe inakusukuma nje ya kikomo ukiwa umelala kwako. Ukishatoka nje unatozwa faini, na riba ya juu zaidi kwa kilichozidi. Unaandikiwa barua ya kukuonya, na barua hiyo unailipia wewe. Mwaka ukiisha, ukitaka kuendelea, kuna ada nyingine. Na siku yoyote, bila kutoa sababu, benki inaweza kudai zote.

Haya yote yalikuwa kwenye barua, kurasa tatu. Na msimu wa pamba foleni ilifika nje kwenye ngazi.

Nilianza kwa kusoma neno kwa neno. Wateja walisinzia. Mmoja aliniuliza, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "unaomba au unasoma?" Basi nikajitafutia njia. Nikawaambia: "Baba, unajua kuwekesha ng'ombe?" Nani asiyejua kwetu? Mwenye ng'ombe wengi anampa rafiki yake ng'ombe mmoja au wawili awatunze. Anayetunza anakunywa maziwa na anapata mbolea. Akifa ng'ombe, unamletea mwenyewe ngozi aone. Na mwenyewe akija asubuhi kumchukua ng'ombe wake, unamfungulia zizi bila ugomvi. Nikawaambia: "Basi ovadrafti ndiyo hiyo. Benki inakuwekesha ng'ombe. Maziwa kunywa. Siku ikija kumtaka, mfungulie."

Wakacheka. "Aa! Kumbe ni hiyo! Lete wino." Kazi ya nusu saa ikawa ya dakika tano. Meneja akanisifu mbele ya wenzangu. Nilijiona nimegundua dawa.

Mzee Maduhu wa Nkoma alikuwa mmoja wao. Mfugaji, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, aliyekuwa ameanza kununua pamba kijijini kwake kwa niaba ya tajiri mmoja. Aliweka dhamana hati ya kiwanja chake cha hapa mjini, chenye nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa ajili ya uzee wake. Alisikiliza hadithi yangu ya ng'ombe kwa makini kuliko wote. Mwisho akauliza, "Hakuna lingine?" Nikatazama foleni. Nikasema, "Ni hilo baba." Akaweka dole.

Miezi mingi baadaye, msimu ukiwa umeisha, alikuja asubuhi, akaipita foleni, akasimama mbele yangu.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia.

"Mwangaluka, baba. Habari za Nkoma?"

"Nkoma salama. Habari mbaya ziko kwenu. Nani amekula hela yangu?"

Aliweka taarifa ya akaunti mezani, na kando yake barua nne zilizofungwa kwa uzi, hazijafunguliwa. Niliangalia. Alikuwa amechota mpaka karibu na kikomo siku nyingi nyuma, hajachota tena, na deni lilikuwa limezidi kikomo kwa kiasi cha kutisha. Riba, riba, faini, faini, tozo ya barua, tozo ya barua.

"Baba, hizi barua mbona hukuzifungua?"

"Mwalimu wa pale shuleni aliniletea, akaniambia zimetoka benki. Nikasema jamani, watu hawa wana adabu, wananisalimia kila mara. Nikazitunza."

Keshia jirani yangu aliinama chini ya dirisha kucheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeanza kuelewa.

"Baba, na fedha za pamba uliyouza zilienda wapi?"

"Ziko nyumbani."

"Ziko nyumbani! Zote?"

"Zote. Kwa nini?"

"Mbona hukuleta kulipa?"

Alinitazama kama ninavyowatazama wajukuu wangu wanapouliza kwa nini maji yanalowesha. "Wewe mayu ni Msukuma kweli? Mtu amekuwekesha ng'ombe kwa urafiki, hata mwaka haujaisha unamrudishia zizini kwake? Si unamwambia humtaki? Nilijizuia. Mke wangu alisema nilete, nikamwambia subiri, tusiwatukane wenzetu."

Vijana, sijui kama mtu asiye wa kwetu anaweza kuhisi uzito wa jambo lile. Mzee alikuwa na fedha ndani ya nyumba, kila siku deni linakua, na alikuwa anakaa kimya *kwa heshima*. Heshima hiyo nilimfundisha mimi.

Alipoelewa kwamba deni limekua lenyewe, hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Hakuniambia. Huyu binti aliniambia maziwa ni yangu." Meneja akatoka ofisini kwake.

Hapa lazima niwaambie kitu kimoja, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini niliogopa. Meneja huyu alikuwa mpya. Alikuwa ameletwa wakati benki inapunguza wafanyakazi. Kila tawi lilitakiwa kupeleka orodha ya watakaoondoka, na kila mtu alijua itaanzia wapi: kwa wenye elimu ndogo. Tawi zima, elimu ndogo kuliko zote ilikuwa yangu. Kulwa na Doto walikuwa sekondari, Shija yuko darasa la saba. Ada zao zilitoka kwenye mshahara wangu tu. Ningeondolewa, watoto wangerudi nyumbani, na lile swali la baba mdogo lingepata jibu.

Tuliingia ofisini sote: meneja, Bwana Semkiwa kwa kuwa ndiye msimamizi wangu, Mzee Maduhu na mimi. Meneja akafungua faili, akaweka ile barua mbele yangu, kidole kwenye saini yangu.

"Bi Minza. Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Inasema umemsomea masharti yote. Ulimsomea?"

Niwaambie ukweli, jibu jepesi lilikuwepo. Dole gumba lilikuwepo, saini ilikuwepo, na shahidi wa mzee alikuwa mzee mwenyewe. Ningesema "nilimsomea," faili lingefungwa, na mzee angelipa au angepoteza nyumba yake. Meneja, nilivyomwona, alikuwa ananisubiri niseme hivyo ili aendelee na kazi zake nyingine. Nilimtazama Bwana Semkiwa. Alikuwa anafuta miwani yake. Hakuninyanyulia uso.

"Sikumsomea," nikasema. "Nilimpa mfano wa ng'ombe. Nikamwambia maziwa ni yake na benki ikimtaka ng'ombe wake amfungulie. Riba sikuitaja. Faini sikuitaja. Barua sikuzitaja. Aliniuliza kama kuna lingine, nikamwambia hakuna."

"Ni yeye peke yake?"

"Hapana. Wako wengine kumi na mmoja niliowaambia hivyohivyo."

Mzee Maduhu akasogeza kiti. Nilitegemea anisimange, na alikuwa na haki.

"Mayu, mfano wako haukuwa mbaya," akasema. "Ila umesahau ndama. Mimi nikimtunza ng'ombe wako nakunywa maziwa, lakini ndama ni wako. Kila mtoto anajua. Ungeniambia ndama ni wa benki, na kwamba ng'ombe huyu wa benki anazaa kila siku, ningekuelewa palepale. Ningemrudisha mbio! Nani anaweza kutunza ng'ombe anayezaa kila siku?"

Meneja alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Mimi nilikuwa nalia. Bwana Semkiwa ndipo akavaa miwani.

"Bwana meneja," akasema, "na saini yangu iko hapo chini ya ile ya Minza. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipitisha. Niliona foleni inakwenda upesi nikafurahi, sikuuliza kwa nini inakwenda upesi. Ukimwandikia barua, andika mbili."

Sijawahi kupata shukrani inayotosha kwa maneno yale. Mtu yule alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu na mafao yake. Hakuna aliyemtaja. Alijitaja.

Uamuzi ulikuwa hivi. Faini zote na tozo za barua zikafutwa, kwa kuwa mteja hakuambiwa. Riba ikabaki, kwa kuwa fedha alizitumia kweli. Mzee alikubali bila kubishana. "Ndama wenu chukueni," akasema. Siku ya mnada wa mifugo iliyofuata alikuja na fedha ndani ya mfuko wa sandarusi, akalipa mpaka mwisho. Mimi nikaandikiwa onyo kali, nikanyang'anywa meza, nikarudishwa chumba cha mafaili. Na kabla ya kukaa huko, nikaagizwa niwatafute wale kumi na mmoja, kwa nauli yangu, nimsomee kila mmoja upya.

Niliwatafuta Jumamosi kwa Jumamosi. Nilipanda malori ya mizigo yaliyokuwa yanarudi matupu, niliazima baiskeli, nilitembea. Kule Sola nilimkuta mteja wangu mmoja shambani anavuna mpunga, nikavua viatu nikaingia naye, nikamweleza riba huku tunakata. Mwingine Zagayu alikasirika akaniambia niondoke nyumbani kwake, kisha mkewe akaniita nyuma ya nyumba, "Dada, njoo unieleze mimi, fedha nazitunza mimi." Nikamweleza. Mwezi huohuo deni lao lililipwa. Kutoka kwa mama yule nilijifunza jambo ambalo hakuna barua ya masharti inayolisema: muulize mteja nyumbani kwake fedha zinakaa kwa nani, halafu mwombe aje na mtu huyo.

Na huko njiani ndiko nilikopata utaratibu niliofanyia kazi maisha yangu yote. Nikishaeleza, simuulizi mtu "umeelewa?" Kila mtu ataitikia. Aibu inaitikia. Namwambia, "Sasa wewe niambie mimi, kama vile mimi ndiye ninayekopa." Arudishe maneno kwa mdomo wake. Pale anapoacha kitu, ndipo nilipoeleza vibaya. Anzeni na hilo, hata kama mtasahau mengine yote niliyowaandikia.

Miezi ile kwenye mafaili niliishi kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Nyumbani sikusema, ila Doto alinigundua. "Dada, mbona siku hizi unahesabu unga kwa kikombe?" Nikamwambia nabana matumizi. Yeye na Kulwa wakaanza kufyatua matofali wakati wa likizo bila kuniambia, wakaniletea fedha ndani ya daftari la Jiografia. Mmoja leo ni mwalimu, mwingine muuguzi, na Shija anatengeneza mashine za kusaga hadi Maswa. Nawataja hapa kwa sababu watu hunipongeza mimi kwa kuwalea. Miaka ile nani alimlea nani, sina hakika.

Orodha ikaja. Walioitwa waliingia kwa meneja mmoja mmoja na kutoka na bahasha. Nami nikaitwa. Niliingia nimeshavua beji, nimeishika mkononi ili nisimpe kazi ya kuiomba.

"Hiyo beji ya nini?" akauliza.

"Nilidhani..."

"Rudisha kifuani. Watu wa vijijini wanakuulizia dirishani kila siku. Kuna mmoja kutoka Zagayu, amekuja na mkewe, hawataki kusaini mpaka uwaeleze wewe. Nikikuondoa mimi ndiye nitakayekaa nao? Kisukuma sijui." Kisha akasema, bila kunitazama, "Jumatatu urudi mezani. Na soma kurasa zote tatu, hata foleni ikifika sokoni."

Nilitoka nikaingia chooni nikafungua maji ya bomba ili nisisikike.

Jumatatu ile hakuja mtu wa ovadrafti. Jumanne hakuja. Jumatano, saa mbili asubuhi, alikuja Mzee Maduhu, shati jeupe limepigwa pasi, akakaa mbele yangu kwa adabu zote.

"Mwangaluka, mayu. Nasikia wamekurudisha."

"Mwangaluka, baba. Wamenirudisha."

"Vizuri. Msimu unaanza. Tajiri anataka ninunue pamba nyingi kuliko mwaka jana. Nimekuja kuifungua upya ile kitu. Nisomee."

Bwana Semkiwa alikuwa meza ya nyuma. Nilisikia kalamu yake imesimama.

Nikamsomea. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ada ya kufungua. Kikomo. Riba ya kila siku, nikamhesabia kwa shilingi, kwa kiasi alichotaka, kwa miezi anayodhani atakaa nayo. Faini ya kuzidisha. Hundi ikirudi. Barua, na nani anailipia. Ada ya mwaka wa pili. Na kwamba benki inaweza kudai zote siku yoyote, na hati yake itakaa kwetu mpaka shilingi ya mwisho. Foleni nyuma yake ilianza kukohoa. Kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Huyu mzee ananunua benki nzima au?" Mzee hakugeuka.

"Haya baba," nikasema, "sasa wewe nieleze mimi."

Akanieleza. Yote. Taratibu, akihesabu kwa vidole, hakuruka hata kimoja. Alipofika kwenye barua akasema, "Na mkiniandikia nazifungua siku hiyohiyo, namtafuta mwalimu anisomee." Alipomaliza, midomo yake iliendelea kutembea, anapiga hesabu zake. Nikafungua kidau cha wino, nikakisogeza karibu na mkono wake.

Alikitazama kile kidau muda mrefu.

"Mayu," akasema, "kumbe ni hivi?"

"Ni hivi, baba."

"Basi siitaki. Nitauza madume matatu, ninunue pamba kidogo, ya uwezo wangu. Tajiri akitaka nyingi alete fedha yake."

Nyuma yangu Bwana Semkiwa alipasuka kicheko. "Minza! Mteja wa kwanza unayemsomea vizuri, umemfukuza!"

"Sijamfukuza," nikasema. Lakini nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma, na nilipotazama mlango wa ofisi, meneja alikuwa amesimama pale, amesikia yote. Nilisubiri. Alitikisa kichwa huku akitabasamu, akarudi ndani, akafunga mlango polepole.

Mzee Maduhu akasimama. Hati ya kiwanja chake, aliyokuwa amekuja nayo kwa ajili ya dhamana, aliichukua mezani, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa shati, akafunga kifungo.

"Wabeja, mayu," akanishukuru. Kisha akamgeukia yule kijana wa foleni. "Njoo ukae. Na usiwe na haraka, muache asome."